Njia Isiyo na Mwenyewe

Binadamu ni mwenye siri, na siri si dhambi. Mtu afungaye mlango wakati wa kuoga si mwizi. Atiaye barua yake katika bahasha si mhaini. Na mgonjwa amwelezaye tabibu maradhi yake kwa sauti ya chini hana njama yoyote juu ya serikali. Heshima ya mtu imejengwa juu ya mambo machache ayajuayo yeye pamoja na wale aliowachagua. Katiba ya nchi yetu ya mwaka wa 2010 iliutambua ukweli huu, ikaandika katika kifungu cha 31 kwamba kila mtu ana haki ya faragha, na kwamba mawasiliano yake yasiingiliwe. Mwaka wa 2019 Bunge likaongeza Sheria ya Kulinda Data. Basi naanza kwa kukiri kwamba mimi ni rafiki wa faragha. Jambo nitakalolipinga hapa si siri, bali ni ahadi ya siri iuzwayo bila ya kupimwa.

Mwezi wa Novemba, 2023, na tena Novemba, 2024, mtandao wa Telegram ulizuiwa katika nchi yetu wakati wa mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, ili karatasi za udanganyifu zisienezwe. Sitajadili hapa kama dawa ile iliufaa ugonjwa. Nataka kutaja tu nililoliona kwa macho yangu: watu wengi, wakiwemo wasio na mtihani wala mtahiniwa nyumbani, walitia katika simu zao programu za VPN ili wapite pale palipofungwa. Wachache sana waliuliza programu zile ni za nani. Walifurahi kwamba mlango umefunguka, wala hawakumtazama bawabu.

VPN ni nini? Nitaieleza kwa mfano wa barua. Tuseme unaishi Nakuru, nawe wataka kumwandikia shangazi yako aliyeko Kisumu, lakini hutaki tarishi wa mtaani kwako ajue kwamba unaandikiana naye. Waitia barua yake katika bahasha, kisha waitia bahasha hiyo ndani ya bahasha ya pili, iliyoandikwa jina la rafiki yako wa Mombasa. Tarishi aona jina la rafiki tu. Rafiki aipokea, afungua bahasha ya nje, kisha aituma ile ya ndani Kisumu. Hivyo ndivyo VPN ifanyavyo. Kampuni ikuuziayo intaneti ni tarishi. Seva ya VPN ni rafiki. Tovuti uitembeleayo ni shangazi. Bahasha ya nje hufungwa kwa kusimbwa, yaani maneno hugeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka na mtu asiye na ufunguo.

Sasa zingatieni mambo mawili ndani ya mfano huu, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. La kwanza, tarishi hakujua, lakini rafiki amejua. Siri haikutoweka, imehama mkono mmoja ikaenda mkono mwingine. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi iulizwe kata. La pili, shangazi aipokeapo barua huona kwamba imetoka Mombasa, katika nyumba ya rafiki. Ikiwa ni barua ya salamu, hapana neno. Ikiwa ni barua ya vitisho, askari watabisha hodi Mombasa, si Nakuru.

Kwa muda wa miaka mingi rafiki huyo alikuwa kampuni moja yenye seva zake, nayo ikiapa kwamba haichungulii. Viapo vingine vilikuwa vya uongo. Kampuni ya Facebook ilinunua programu iitwayo Onavo katika mwaka wa 2013. Programu hiyo ilitolewa kwa watu kama ngao ya kuwalinda, kumbe ilikuwa ikimpelekea mwenyewe habari za programu nyingine walizozitumia katika simu zao. Iliondolewa katika duka la programu la Apple mwaka wa 2018, na mwaka uliofuata ikafungwa kabisa. Mwezi wa Julai, 2020, programu saba za VPN zenye makao Hong Kong, ambazo zote zilitangaza kwamba haziweki kumbukumbu yoyote ya wateja, zilionekana zimeiacha wazi seva iliyojaa kumbukumbu hizo hizo. Rafiki aliyeapa kwamba hasomi alikuwa amenakili kila bahasha, kisha akaacha daftari lake barazani.

Kutokana na fedheha za namna hiyo limezuka wazo jipya: VPN isiyo na kituo kimoja. Mysterium na Orchid ni mifano miwili ya huduma hizo. Badala ya kampuni moja yenye seva, wako watu wengi waliotawanyika duniani, kila mmoja na kompyuta yake ndogo nyumbani, akikubali kuwa rafiki wa Mombasa kwa malipo ya sarafu ya kidijitali. Atakaye kupita humchagua mmoja wao, hulipa kidogo, hupita. Hapana ofisi kuu ya kuvamiwa, hapana ghala moja la kumbukumbu la kuibiwa, hapana mkurugenzi wa kushurutishwa. Wenye wazo hili husema kwa fahari: hapa hapana mwenyewe, basi hapana wa kumwamini, wewe amini hesabu tu.

Wazo hili si la kipumbavu. Ghala moja likiungua, nafaka yote imeungua. Nafaka iliyotawanywa katika ghala elfu haiungui yote kwa usiku mmoja. Lakini nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Nami nimeingia ndani, nikaona kwamba maneno yale ya fahari yana kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni hii: imani haikuondolewa, imegawanywa tu, kisha imekabidhiwa watu tusiowajua. Unapopita katika kompyuta ya mtu mmoja, mtu huyo yuaona umetoka wapi na waenda wapi. Kampuni moja ina jina, ina anwani, na yaweza kushtakiwa. Huyu hana jina wala uso. Ikiwa tovuti uiendeayo ina kufuli yake yenyewe, kama zilivyo nyingi siku hizi, hataweza kusoma yaliyomo ndani ya barua. Lakini mara nyingi ataliona jina lililoandikwa juu ya bahasha, na majina hayo husimulia mengi. Mtu aendaye usiku kwenye tovuti ya ugonjwa fulani, asubuhi kwenye tovuti ya hospitali, na mchana kwenye tovuti ya mikopo, amekwisha kusema habari zake bila ya kufumbua kinywa.

Jambo hili si la kubuni. Mtandao wa Tor, ambao ni ndugu mkubwa wa huduma hizi na hauna malipo, hupitisha kila barua katika vituo vitatu vya watu wanaojitolea. Mwaka wa 2007 mtaalamu mmoja wa Sweden, Dan Egerstad, aliweka vituo vitano vya mwisho, kisha akatazama tu yaliyopita. Alipata maneno ya siri ya barua pepe za balozi na za maofisa wa serikali za nchi mbalimbali, akatangaza mia moja hivi ili kuwaamsha waliolala. Hakuvunja kufuli yoyote. Watumiaji wale walidhani kwamba njia ya siri huifunga barua yenyewe, wakaituma wazi. Njia ilikuwa imeficha atokaye, haikuficha yasemwayo.

Kasoro ya pili ni kuutegemea wingi. Watu husema kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Methali hiyo ni kweli palipo na wengi wa kweli, wanaoonana nyuso barazani. Katika kompyuta, mtu mmoja aweza kuvaa nyuso mia. Mwaka wa 2020 iligunduliwa kwamba mtu mmoja, au kundi moja, lilikuwa limejipatia zaidi ya asilimia 23 ya nguvu za vituo vya mwisho vya Tor, likivitumia kuzivua kufuli tovuti fulani za sarafu za kidijitali ili liibe fedha za wapitao. Aliyetazama orodha ya vituo aliona umati. Nyuma ya umati alikuwamo mwizi mmoja aliyejigawa. Ikiwa mtandao wenye walinzi hodari na uzoefu wa miaka mingi ulipatwa na hayo, mtandao mchanga, ambao humlipa kila aongezaye kituo, wapaswa kuulizwa kwa ukali zaidi: je, wamjuaje mtu mmoja mwenye nyuso mia?

Kasoro ya tatu ni malipo. Sarafu hizi huandikwa katika daftari la wazi ambalo mtu yeyote duniani aweza kulisoma, na lililoandikwa humo halifutiki. Jina lako halimo. Mna namba ya mkoba wako. Lakini uliinunua sarafu kwa simu yako, kwa kitambulisho chako, katika duka la sarafu linalokujua. Siku namba na jina vitakapokutanishwa, daftari litasema ulilipa lini na mara ngapi. Mfumo ulioundwa kwa uangalifu waweza kulificha hili kwa kiasi kikubwa. Uliotengenezwa kwa haraka hukuachia nyayo katika saruji mbichi. Ni mzaha mchungu kununua siri kwa risiti iliyobandikwa sokoni.

Hayo ni ya mpitaji. Sasa tumtazame mwenye mlango, ambaye matangazo humtaja kwa kumwonyesha faida tu. Anaambiwa kwamba intaneti yake hulala bure usiku, basi aikodishe. Nami nasema kwa kujua, kwa kuwa niliikodisha.

Miaka miwili iliyopita rafiki alinionyesha programu ya namna hii, nami niliitia katika kompyuta ya nyumbani. Kwa miezi mitatu nilipata sarafu zisizotosha kununua kilo mbili za sukari. Mwezi wa nne intaneti yetu ilikatwa. Nilipouliza, kampuni iliniambia kwamba kutoka katika anwani yangu mtu alikuwa akijaribu maelfu ya maneno ya siri katika duka moja la ng'ambo. Mtu huyo hakuwa mimi. Lakini anwani ilikuwa yangu. Mke wangu hushona nguo na kupokea oda kwa intaneti. Ilimbidi akae siku tisa bila ya kazi, naye hakuwa ametia saini popote. Niliandika barua tatu za kujieleza. Askari hawakuja, lakini wangalikuja, ningaliwaambia nini? Kwamba mlango ni wangu ila sijui nani aliyepita? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huuoni uzito wake mpaka utwikwe kichwani.

Mimi niliufungua mlango kwa hiari yangu, basi lawama ni yangu. Wako waliofunguliwa mlango bila ya kuulizwa. Mwaka wa 2015 ilifichuliwa kwamba watumiaji wasiolipa wa Hola, VPN iliyokuwa na mamilioni ya watu, walikuwa wamegeuzwa milango ya kupitia watu wengine, na kwamba njia hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa wateja chini ya jina la Luminati. Mwezi wa Mei, 2024, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imeuvunja mtandao ulioitwa 911 S5, ulioingia katika kompyuta za watu kwa kujificha ndani ya programu za VPN za bure, miongoni mwazo MaskVPN na DewVPN. Anwani zaidi ya milioni 19, katika nchi karibu 200, zilikuwa zimekodishwa kwa wahalifu. Mwenye kompyuta alidhani amepata kinga, kumbe amefanywa kichaka cha wezi.

Kuna tofauti kati ya kudanganywa na kukubali. Nami sizitii huduma za haki katika kapu moja na genge lile. Lakini mbele ya askari tofauti hiyo haionekani kwa haraka. Mwaka wa 2014 mahakama ya Graz, katika Austria, ilimtia hatiani kijana mmoja aliyekuwa na vituo vya mwisho vya Tor, kwa sababu ya mambo machafu yaliyopitishwa humo na wengine. Nchi nyingine hazihukumu hivyo. Je, wewe mwenye miaka kumi na saba, utumiaye intaneti iliyoandikwa jina la baba yako, u tayari kuwa kesi ya kwanza ya kuijaribu sheria ya kwetu?

Atasema mtu: “Mwalimu, basi watuambia turudi kwa tarishi, asome kila jina juu ya bahasha zetu?” La, hasha. Mwandishi wa habari anayetafuta ukweli, mwanamke anayemkimbia mume mkatili, na raia anayetaka kusoma gazeti lililofungwa katika nchi yake, hao wote wana haki ya njia ya faragha. Kwa ajili yao hasa ndiyo nasema kwa ukali. Mcheza mpira akidanganywa na kofia ya karatasi, amepata kicheko. Mchimba mawe akidanganywa nayo, amekufa. Mtu ambaye maisha yake yako hatarini ndiye asiyestahili kuuziwa maneno matamu.

Basi njia njema ipimweje? Ipimwe kwa maswali manne. Swali la kwanza: je, barua yangu hupita kwa rafiki mmoja, au kwa watatu, hata wa kwanza anijue mimi asijue niendako, na wa mwisho ajue niendako asinijue mimi? Hili ndilo jambo ambalo kutawanya vituo kwaweza kulifanya vema kuliko kampuni moja. Na huduma ya vituo vilivyotawanyika inayokupitisha katika kituo kimoja tu imeitupa neema yake yenyewe. Swali la pili: je, maandishi ya ndani ya programu yako wazi, na wataalamu wasiolipwa sifa wameyakagua, wakachapisha makosa waliyoyaona? Swali la tatu: je, malipo yametenganishwa na safari, hata anayejua nimelipa asijue nilikwenda wapi? Swali la nne: je, simu yangu imefanywa mlango wa wengine, na kama imefanywa, nimeulizwa kwa maneno ninayoyafahamu? Huduma ishindwayo kujibu manne haya, iwe na mwenyewe au isiwe na mwenyewe, iwe ya bure au ya fedha, haifai kutiwa katika simu yako.

Hata itakapojibu yote, kumbukeni mipaka yake. Njia ya siri haimfichi mtu anayefika mwisho wa safari akajitaja jina. Ukiingia katika akaunti yako mwenyewe, mwenye tovuti amekujua hata ungepita vituo kumi. Haiponyi simu iliyokwisha kuingiwa na programu ya kupeleleza. Wala haipiti pasipo na barabara. Tarehe 25 Juni, 2024, siku ya maandamano makubwa, intaneti ilidhoofika sana katika Kenya. Na palipokosekana mawasiliano kabisa, hapakuwa na VPN iliyomfaa mtu. Jembe halilimi hewani.

Vijana, mnakua katika zama ambazo kila mwuzaji atawaambia msimwamini mtu. Neno hilo lina ladha ya uhodari, lakini kila atumiaye chombo asichokiunda mwenyewe amemwamini mtu fulani: aliyekiandika, aliyekikagua, aliyekipokea upande wa pili. Jambo la haki ni kujua umemwamini nani, umempa nini, na aweza kukudhuru kwa kiasi gani akikugeuka. Mpanda daladala hamjui dereva, lakini yuajua kwamba kuna leseni, kuna breki, na kuna sheria. Mwenye kupanda gari lisilo na dereva, wala leseni, wala namba, kwa sababu ameambiwa kwamba lina magurudumu mengi, huyo hakujikomboa, amejitupa.

Mimi nimekwisha kuiondoa programu ile katika kompyuta yangu. Mke wangu amerudi katika oda zake, na mlango wa nyumba yetu hupita watu wetu. Nikitaka faragha, naitafuta kwa maswali yale manne, na nikikosa jibu nangoja. Nanyi leo, mkirudi nyumbani, fungueni simu zenu, mtazame programu zilizomo, na kwa kila moja iitwayo ngao muulize: ngao hii imeshikwa na mkono wa nani?